Chale za Bibi na Michoro ya Wapanda Milima

Mtu akisimama asubuhi kwenye lango la Marangu, ambako mojawapo ya njia za kupandia Mlima Kilimanjaro huanzia, ataona makundi mawili ya watu yakijiandaa kwa safari moja. Kundi la kwanza ni la wageni waliotoka nchi za mbali. Miongoni mwao hawakosekani wenye michoro iliyotiwa ndani ya ngozi: huyu ana kilele cha mlima juu ya kifundo cha mguu, yule ana dira mkononi, mwingine ana nembo ya njia aliyoitembea mwaka uliopita katika nchi nyingine. Kundi la pili ni la wenyeji, yaani viongozi wa safari na wapagazi, ambao kwa jina la kazi hujiita wagumu. Hao huitazama michoro ya wageni, huuliza maana yake, na vijana miongoni mwao huisifu. Lakini kijana huyo huyo anayeisifu michoro ya mgeni, ikiwa ametoka katika ukoo ambao bibi zake walichanjwa chale usoni, huenda akaona haya kuongozana na bibi yake mjini.

Jambo hili, ambalo kwa juu juu laonekana dogo, ndilo lililonisukuma kuandika. Sikusudii kumfundisha mtu kujichora, wala kumlaani aliyejichora. Nakusudia kuuliza maswali mawili yanayotuhusu sote, walimu na wanafunzi. La kwanza: alama iliyotiwa katika mwili wa binadamu yapasa kupimwa kwa kipimo gani? La pili: kwa nini alama ya namna moja iwe ushujaa kwenye mguu wa mgeni na ushamba kwenye shavu la bibi?

Kwanza tukubali kwamba desturi hii ni kongwe kupita kumbukumbu za taifa lolote. Tarehe 19 Septemba 1991, mume na mke waliokuwa wakitembea katika milima ya Alpi, karibu na mpaka wa Austria na Italia, waliona maiti ikichomoza katika barafu kwenye mwinuko wa mita 3,210 hivi. Wataalamu walipoichunguza walitambua kwamba ni ya mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Amepewa jina la Ötzi, kutokana na bonde la Ötztal lililo karibu na hapo. Katika ngozi yake iliyokauka zimehesabiwa alama 61: mistari midogo na misalaba iliyotiwa weusi wa masizi. Nyingi ziko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, na baadhi ya sehemu hizo ndizo ambazo mifupa yake ilikuwa imechakaa. Kwa sababu hiyo wachunguzi wengi wamedhani kwamba zilikuwa alama za tiba. Basi mpanda milima wa kale kuliko wote ambaye mwili wake tunao alikuwa na chale, na waliomwokota walikuwa wapanda milima wenzake.

Sisi hatuhitaji kwenda mpaka Alpi kuufahamu ukale huo, kwa maana lugha yetu yenyewe imeuhifadhi. Chale ni mkato mdogo wa ngozi, uwe wa pambo, wa ukoo au wa kutilia dawa. Kitenzi chake ni kuchanja. Na kutokana na kitenzi hicho tumepata neno chanjo, ambalo leo latukumbusha zahanati na kadi ya mtoto. Wazee waliochanjwa dhidi ya ndui, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa umetokomezwa, wana kovu la chanjo hiyo mpaka leo. Wengi wetu tuna kovu jingine dogo mkononi, la chanjo ya kifua kikuu. Hatukuulizwa tulipotiwa alama hiyo. Tulikuwa watoto wachanga. Jamii ilitutia kwa niaba yetu, na hatuna kinyongo nayo, kwa sababu twajua kwamba ilitukusudia uhai.

Neno la kushangaza zaidi ni nembo. Katika matumizi yake ya zamani nembo ilikuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Leo twasema Nembo ya Taifa, na twamaanisha ile ngao yenye mwenge, shoka, jembe na mkuki, iliyoshikwa na mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Taifa changa lilipotafuta jina la alama yake kuu, lilipewa na lugha jina lililokwisha kaa katika ngozi za wazee. Hata neno tatuu, ambalo vijana hulitumia wakidhani kwamba jambo lenyewe ni la Ulaya, asili yake ni lugha za visiwa vya Polinesia, ambako watu husema tatau. Liliingia katika Kiingereza baada ya nahodha James Cook kufika Tahiti mwaka 1769. Mzungu naye alijifunza ugenini.

Tuwatazame sasa Wamakonde, walio pande zote mbili za Mto Ruvuma. Kwao alama hizo huitwa dinembo, na msomaji ataona mara moja udugu wa jina hilo na la Kiswahili. Fundi alikata ngozi kwa chombo chenye makali, kisha akapaka mkaa uliosagwa, na kidonda kilipopona alama ikabaki na weusi wenye kuelekea buluu. Alifuata mistari, pembe na mipindo iliyofanana na meno ya msumeno, kwenye paji la uso, mashavuni, kidevuni, na hata tumboni. Maumivu yake hayakuwa madogo. Kijana aliyeyavumilia alihesabiwa kuwa amekomaa, na aliyekimbia alikuwa na la kujibu. Uso uliokamilika ulisema mambo mengi kwa pamoja: nimetoka kwa watu fulani, nimevumilia, nahesabiwa miongoni mwa watu wazima. Wala Wamakonde hawakuwa peke yao. Wamakua walikuwa na alama zao, na wanawake wa Kidatoga walizungushiwa duara za chale kando ya macho.

Desturi hizi zilianguka kwa kupigwa kutoka pande kadhaa. Wamisionari wengi waliziona kuwa mabaki ya upagani. Shule za kikoloni zilimfundisha mtoto kwamba uso usio na chale ndio uso wa mtu mstaarabu. Hayo twayasema mara kwa mara, na ni kweli. Lakini ukweli wadai tuseme na yetu. Serikali zetu huru nazo hazikuuacha mwili wa raia utulie. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, wigi na dawa za kuchubua ngozi, kwa hoja kwamba hayo si utamaduni wetu. Katika miaka hiyo hiyo Wamasai walihimizwa waache lubega na ngeu, ambavyo bila shaka vilikuwa utamaduni wao. Ng'ambo ya Ruvuma, chama cha FRELIMO kilipinga kuchanja nembo za kabila, kwa kuwa kilitaka watu wajione kwanza kuwa Wamsumbiji. Nia ya viongozi haikuwa mbaya. Kujenga umoja ni kazi kubwa, na alama ya kabila usoni yaweza kugeuzwa kuwa ukuta. Hata hivyo, matokeo ni kwamba bibi aliyechanjwa kwa fahari akiwa binti alijikuta uzeeni amevaa kitu ambacho jamii nzima ilikuwa imekivua, naye hakuweza kukivua.

Wakati desturi hiyo ikififia kwetu, ilikuwa ikichipuka kwingine, na wapanda milima ni mfano mzuri. Huko Marekani iko Njia ya Appalachia, yenye urefu wa yapata kilomita 3,500, ambayo hukatiza majimbo 14 kutoka Springer Mountain katika Georgia hadi Katahdin katika Maine. Ilikamilishwa mwaka 1937. Anayeitembea yote kwa mfululizo hutumia miezi mitano hadi saba, huku akiongozwa na alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti, zenye upana wa sentimita 5 na kimo cha sentimita 15 hivi. Baadhi ya wanaomaliza huichora alama hiyo nyeupe mguuni, au herufi A na T zilizounganishwa, ambazo ndizo nembo ya njia. Si jambo jipya hata katika nchi za Kikristo. Wakristo wa Koptiki wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, na katika karne ya 16 na ya 17 mahujaji wa Ulaya waliofika Yerusalemu walirudi kwao na alama za hija katika mikono yao. Mtu ametoka kwake, ametaabika, amefika. Anataka safari ibaki mahali ambapo mwizi hawezi kuiiba.

Ndani ya jamii hiyo ya watembeaji kuna mabishano ambayo yatatusaidia. Wako wasemao kwamba nembo ya njia ni haki ya yule tu aliyeitembea yote, na kwamba aliyeishia njiani akajichora amesema uongo kwa ngozi yake. Wengine hujibu kwamba kila mmoja ana safari yake: aliyetembea siku kumi akiwa katika msiba mzito huenda amefika mbali kuliko aliyetembea miezi sita kwa kujifurahisha. Pande zote mbili, pasipo kujua, zakubaliana katika jambo moja kubwa. Zakubali kwamba alama ya mwilini ni ushahidi, na kwamba ushahidi una wajibu wa kuwa kweli.

Tukishika kipimo hicho, turudi Kilimanjaro, kwa kuwa hapo ndipo kinapochoma. Mgeni aliyefika kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hurudi kwao akachora umbo la mlima mkononi. Hana kosa, amefika kweli. Lakini nani amembebea hema, chakula na maji? Mpagazi amepanda na mzigo wa kilo 20 mpaka Kibo, kwenye mita 4,720, na aghalabu huishia hapo, awasubiri wanaokwenda kileleni usiku. Kesho kutwa atashuka, na wiki ijayo atapanda tena. Hana mchoro. Pengine ana sugu begani. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipokifikia kilele, inasimuliwa kwamba waliongozwa mlimani na Yohani Kinyala Lauwo, mwenyeji wa Marangu. Na kwa miaka mingi vitabu viliyataja majina mawili ya kwanza na kulisahau la tatu. Kwa hiyo tuseme hivi: mchoro wa mgeni ni ushahidi wa kweli ambao haujakamilika. Utakamilika siku ambayo mwenye mchoro, akiulizwa habari za mlima, atawataja na waliomfikisha.

Hapa ndipo tofauti kati ya bibi na mpanda mlima inapodhihirika, nayo si tofauti ya ushamba na ustaarabu. Mpanda mlima alichagua. Alikaa, akafikiri, akalipa, akanyosha mguu wake kwa hiari. Bibi hakuchagua, au alichagua kama achaguavyo kijana ambaye kukataa kwake ni aibu kwa nyumba nzima. Katika jambo hili mpanda mlima amemzidi bibi, na hatuna sababu ya kuficha. Lakini bibi naye ana kitu ambacho mpanda mlima hana: mashahidi. Siku alipochanjwa walikuwapo waliomshika mkono, waliomwimbia, waliomuuguza, na waliokuja kuisoma alama yake maisha yake yote bila kuhitaji maelezo. Mpanda mlima hutembea na alama ambayo wapita njia hawawezi kuisoma mpaka awaeleze. Mmoja alipewa maana akanyimwa hiari. Mwingine ana hiari, lakini anaitafuta maana peke yake.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo yote haya ni ya bure, kwa kuwa dini zimekwisha kulimaliza suala. Ni haki kuwasikiliza. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, chakataza kuchanja mwili na kutia alama, na katika Uislamu Hadithi za Mtume zamlaani mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa. Watu wa pwani wameishi na katazo hilo kwa karne nyingi, na bado hawakuukosa uzuri: bibi arusi hupakwa hina na piko mikononi na miguuni, maua na majani yanayopendeza, ambayo baada ya siku kadhaa hufifia na kutoweka. Mwili hupambwa kwa furaha, kisha hurudi kama ulivyoumbwa. Mwenye imani hiyo ana hoja iliyokamilika, na asisumbuliwe. Ila katazo la dini humfunga mwenye dini katika mwenendo wake. Halimpi ruhusa ya kumdharau kikongwe aliyetiwa chale kabla hajasikia katazo lolote.

Wapo pia wanaopinga kwa sababu za kidunia, nazo si nyepesi. Sindano isiyo safi yaweza kuleta homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Matangazo ya kuajiri askari nchini Tanzania yamekuwa yakimtaka mwombaji awe hana mchoro mwilini. Kuufuta mchoro ni kazi ya mara nyingi, yenye gharama na maumivu, na mara nyingine kivuli chake hubaki. Tena kijana wa miaka 17 hawezi kujua mzee wa miaka 60 atapenda nini. Naye ndiye atakayeubeba.

Nami naongeza onyo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote. Alama ya mwilini yaweza kuwa chombo cha dhuluma. Katika kambi ya Auschwitz, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafungwa walichorwa namba mikononi ili jina la mtu lifutike na abaki hesabu. Wala tusijidanganye kwamba kila kilichokatwa kwa jina la mila ni kitakatifu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kosa nchini Tanzania kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na ilikuwa sahihi. Kovu la chanjo humlinda mtoto. Kisu cha ukeketaji humdhuru. Wote wawili hawakuulizwa. Kumbe asipoulizwa mtu, kinachohalalisha mkono wa jamii ni manufaa ya yule anayeguswa, si fahari ya wanaomgusa.

Baada ya kuyapima hayo, jibu la swali la kwanza lajitokeza. Alama ya mwilini haipimwi kwa asili yake, iwe ya kienyeji au ya kigeni. Wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini aliyebanwa na kwao asiweze hata kuuliza, naye hayuko huru. Wala haipimwi kwa uzuri wake, maana uzuri hubadilika na macho. Alama ni neno lililosemwa na ngozi. Kama neno lolote, twauliza: limesemwa kwa hiari? Ni la kweli? Limemdhuru nani?

Na jibu la swali la pili ni kukiri kosa. Tumepima kwa mizani mbili. Tumemsikiliza mgeni akieleza mchoro wake, kwa sababu tulidhani kwamba mtu wa mbali lazima ana sababu. Na hatukumuuliza bibi, kwa sababu tulidhani kwamba ujinga hauna sababu. Ubaya wa mizani hii waonekana katika majumba ya makumbusho. Humo zimo barakoa za mapiko za Wamakonde, ambazo mafundi walizipamba kwa nta ya nyuki ili kuonyesha dinembo za uso. Wanafunzi hupelekwa kuzitazama, huandika katika madaftari yao kwamba huo ni urithi wa taifa, na mwalimu hutia alama ya vema. Jioni, stendi ya basi, anapita mwanamke mzee mwenye dinembo hizo hizo, na watoto wale wale hucheka. Urithi waliousifu ndani ya kioo wameukana ulipopita mbele yao ukipumua.

Wenye dinembo kamili sasa ni wachache, na wengi wao ni wazee sana. Hatuhitaji kuirudisha desturi yenyewe; mjukuu hana deni la kuchanjwa kwa kuwa bibi yake alichanjwa. Tunalodaiwa ni kusikiliza. Mwalimu aliye karibu na wazee hao awape wanafunzi kazi hii: nendeni mkawaamkie, mkaombe ruhusa, mkaulize fundi alikuwa nani, nyimbo zilikuwa zipi, nani alilia, nani alicheka, na kama wangepewa kuchagua upya wangechagua nini. Wengine watajibu kwa fahari, wengine kwa majuto. Majibu yote mawili yaandikwe, maana historia si sifa peke yake.

Kwa kijana anayetamani mchoro, nina neno moja tu. Ngoja. Kama sababu yako ni ya kweli, itakuwa ya kweli hata baada ya miaka mitano, utakapokuwa mtu mzima unayejibu kwa jina lako mwenyewe. Kama itakuwa imekwisha, utashukuru kwamba ngozi yako haikuwa na haraka kuliko moyo wako. Na usiku ule utakaposikiliza habari za mpanda mlima aliyetoka mbali, umwulize mlima wake una maana gani kwake. Kisha uende nyumbani, ukaketi chini karibu na bibi, ukamwulize swali lile lile kwa heshima ile ile.

Nembo ya taifa letu yawaonyesha mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro. Hawana chale wala michoro, na nyuso zao hazionyeshi kabila. Huenda mchoraji alikusudia hivyo ili kila mmoja wetu ajione. Basi na ajione pia yule mwenye mistari mashavuni. Kwa kuwa alikuwa na nembo yake kabla taifa halijapata yake, na neno lenyewe tumeliazima kwake.